Faili ya Mashahidi

Kazi yangu ilikuwa kusoma masharti. Watu wakiniuliza nafanya nini kule ghorofani Mirongo niliwajibu hivyo hivyo, nasoma masharti, nao wakadhani mimi ni karani wa wakili. Sikuwasahihisha. Nilikuwa nimepunguzwa kazini kwenye kiwanda cha pamba pamoja na wapiga taipu wenzangu wote, na mtu aliyepunguzwa hana haraka ya kukataa heshima anayopewa kwa kukosea.

Ofisi ilikuwa vyumba viwili juu ya duka la vifaa vya ujenzi la familia moja ya Kihindi, watu waliokuwepo mjini tangu enzi za babu zao. Mwenye ofisi alikuwa Mkerewe aliyesomea kompyuta nje, akarudi miaka ile ya tisini wakati kila mtu Mwanza anafungua kitu: huyu duka la mitumba, yule kiwanda cha minofu ya sangara, mwingine kanisa. Yeye alifungua ofisi ya kugawa programu za bure. Tulimwita Injinia, na mwanzoni mimi nilidhani baridi ya Ulaya imemharibu kichwa.

Shule nyingi za kanda ya ziwa zilikuwa zimeanza kupewa kompyuta kuukuu na wafadhili. Zilifika na vumbi lake, bila programu za maana, na programu za dukani zilikuwa ghali, tena hairuhusiwi kuzinakili. Injinia alichukua Linux, mfumo ambao kila mtu ameruhusiwa kuunakili na kuurekebisha, akaugawanya kwenye disketi, akaongeza vitu vya kwetu, akavituma mashuleni. Juu ya kila boksi tuligonga muhuri: NAKILI, GAWA, UZA, BADILISHA. NI YAKO SASA. Wajibu wangu ulikuwa kuhakikisha muhuri huo hausemi uongo.

Kila kitu kilichotufikia kilikuja na masharti ya mwenyewe. Niliyasoma mpaka mstari wa mwisho nikitafuta neno moja tu, "lakini". Chukua, tumia, lakini usiuze. Wape wanafunzi, lakini usibadilishe hata herufi. Kitu kikiwa na "lakini" kilikwenda kwenye kabati la chuma, na ufunguo wa kabati nilikaa nao mimi. Injinia mwenyewe alikuja kunibembeleza. "Dada, hii ni ramani tu ya ziwa, nani atatushtaki?" Nilimjibu aende kwanza akaufute muhuri. Nilikuwa na hasira za karibu, nakiri, na nilipenda ule ufunguo kuliko inavyofaa.

Kulikuwa na kanuni nyingine, na hii ilikuwa ya Injinia: asili haiguswi. Kazi ya mtu inawekwa kwenye disketi ya lebo ya bluu kama ilivyotoka kwake, hata ikiwa na makosa, hata ikiwa na takataka. Marekebisho yetu yote yanaandikwa kwenye disketi ya pili, ya lebo nyeupe, tuliyoiita ya viraka. Kule shuleni kompyuta inamimina kwanza ya bluu, kisha nyeupe inapita juu yake: hapa badilisha neno, pale ongeza mstari, kule futa. Kwa njia hiyo, alisema Injinia, mtu yeyote anaweza kuona kipi ni cha mwenyewe na kipi ni mkono wetu. Aliwahi kufanya kazi mahali ambapo watu waliichokonoa asili kimyakimya mpaka hakuna aliyejua tena kipi kimetoka wapi, na jambo hilo alilichukia kama wengine wanavyochukia wizi. Tuliifuata kanuni ile mpaka ikawa tabia, na mimi niliifuata kuliko yeye.

Mwalimu alipanda ngazi zetu asubuhi moja amevaa koti la suti na kandambili. Alikuwa mstaafu wa shule ya msingi, kwao ni ng'ambo ya ghuba, mbele ya Sengerema, kijiji kilicho ukingoni mwa maji. Alikuwa amepanga chumba Igoma, nyuma ya karakana ya kuchomelea mageti, ili aweze kufuatilia pensheni yake, na pensheni ilikuwa haifuatiliki. Mkononi alikuwa na disketi ndani ya bahasha, na karatasi moja iliyoandikwa kwa mwandiko wa ubaoni.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba. Wewe ndiye unayesoma?"

"Ndimi."

"Basi soma."

Kwa miaka zaidi ya thelathini alikuwa amekusanya majina ya miti, majani, magonjwa ya watu na ya ng'ombe, kwa lugha ya kwao, na maana yake kwa Kiswahili. Madaftari yalijaa sanduku. Chuo kimoja cha ualimu kilikuwa kimemchapia yote kwenye kompyuta. Sasa alitaka yafike mashuleni, kwa sababu, alisema, watoto wanatajiwa miti kwenye vitabu na wanaipita njiani bila kuijua. Karatasi yake ilikuwa na aya mbili. Ya kwanza ilisema maneno haya ni ya wote, wayanakili, wayarekebishe, wayauze wakitaka. Nilifurahi kuisoma. Ya pili ilisema: "Lakini faili ya mashahidi isitoke. Niliwaahidi."

Nikamwuliza mashahidi gani. Akanieleza kwamba kwa kila mti aliandika nani aliyemwambia: jina, kijiji, boma la nani, na mti huo yeye anautumia kwa kazi gani. Alifundishwa hivyo ujanani, kwamba mtu mwaminifu anaonyesha alikopata habari. Na jina lililojaa faili ile kuliko yote lilikuwa la dada yake mkubwa, mtoto wa mama mmoja, mjane, anayeishi peke yake kwenye boma la baba yao pale ziwani.

"Yeye ndiye kamusi," alisema. "Mimi karani wake tu. Kuna miti aliyonitajia ambayo mama mtu mzima hawezi kuitaja mbele za watu. Mti wa kutoa mimba iliyofia tumboni. Utupa wa kulevya samaki. Akaniambia, haya nakwambia wewe, sikiambii kijiji."

"Kwa nini basi hukuiacha nyumbani hiyo faili?"

"Waliifunga pamoja kule chuoni. Mimi sijui kuitoa. Nimeambiwa ninyi mnajua."

Kwa desturi yangu kitu chenye "lakini" kilikwenda kabatini chote. Hiki sikukipeleka. Nilikipenda. Kila siku nilisoma masharti ya watu wa mbali wasiojua Mwanza iko wapi, na hapa palikuwa na mtu wa kwetu ametoa kazi ya maisha yake bure, akazuia faili moja tu, tena kwa sababu ya heshima. Nikaona nitaifanya kazi hii vizuri kuliko zote.

Nikafuata kanuni. Asili nikaiweka kwenye disketi ya bluu kama ilivyo. Kwenye disketi nyeupe nikaandika kiraka cha mstari mmoja: futa faili ya mashahidi. Nikajaribu kwenye kompyuta yetu ya majaribio, nikamimina bluu, nikapitisha nyeupe, nikatafuta. Hakuna faili. Nikarudia mara tatu. Jioni nikamwambia Mwalimu kwamba imefutwa, naye akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

Sikuona. Nataka niliseme wazi, kwa sababu kwa miaka mingi nimelisema kwa kuzungukazunguka. Niliifuta kwenye kompyuta ya shule itakapokwisha kumiminiwa, basi. Ndani ya disketi ya bluu niliyoibandika lebo kwa kidole changu mwenyewe faili ilikuwa imelala nzima, kila jina, kila boma, na tuliinakili mara nyingi tukaituma pande zote za ziwa. Mtu yeyote mwingine, muuza mitumba, mpika chapati, angeuliza swali la kwanza kabisa: kwa nini unatuma kitu usichotaka kifike? Sisi hatukuuliza, maana tulikuwa na kanuni.

Msimu ule ndipo samaki walipoanza kuvuliwa kwa sumu. Watu walichukua dawa ya kupulizia pamba wakaimwaga majini usiku, alfajiri wakaokota sangara wanaoelea. Sokoni Kirumba wateja walifunua mashavu ya samaki wakanusa, wakaondoka bila kununua. Viwanda vya minofu vikasimama, na kina mama wa Igoma waliokuwa wakikaanga mapanki, mifupa ya sangara inayobaki viwandani, wakakaa mbele ya makarai makavu. Vijijini ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu kule watu walikula na kuugua, na watoto wengine hawakupona. Kila mahali palitafutwa mtu. Aliyemwaga dawa ya pamba alikuwa kijana mwenye mtumbwi na ndugu wengi, huyo hakamatiki kirahisi. Bibi kizee anayeishi peke yake, enzi zile za tuhuma za uchawi, hakuwa salama hata mwaka wa neema.

Niliyasikia hayo yote redioni na dukani kwa Mhindi pale chini, nikasikitika kama wengine. Sikuyaunganisha na ofisi yetu hata kidogo.

Barua ilikuja na posta ya kawaida, kutoka kwa mwalimu wa sekondari moja ng'ambo ya ghuba. Ilikuwa imechapwa kwa mfumo wetu wenyewe na nikaanza kuisoma kwa maringo. Alishukuru kwa disketi. Alisema wanafunzi wanaipenda kamusi. Kisha akaandika: "Kwa namna ya pekee tunashukuru kwa orodha ya wataalamu wa miti wa kata yetu, tuliyoikuta ndani ya disketi ya bluu tulipoifungua yenyewe. Tumeichapa na kuwapa wajumbe wa serikali za vijiji, ili wazee wetu hawa wapewe heshima wanayostahili."

Niliisoma tena, kisha tena. Nilikwenda chumba cha pili nikamwekea Injinia barua mezani, nikasimama. Akaisoma, akachukua disketi ya bluu kutoka kwenye rafu, akaitia kwenye mashine, akaifungua bila kupitisha viraka. Faili ilitokea ya nne kutoka juu.

"Si tuliifuta?" alisema.

"Tuliifuta kwenye nyeupe."

Kisha, mbele yangu, akafanya kitu ambacho alikuwa ameapa hatakifanya: akaifungua asili yenyewe, akatoa faili, akaifunga upya, akaandika kwenye lebo kwamba asili hii si kamili na sababu yake. Ilimchukua muda mfupi kuliko kunywa chai. Siku ile ile tuliandika barua kwa kila shule, warudishe disketi za bluu, tutawapa mpya. Nilizipiga mwenyewe, na kila nilipofika kwenye maneno "tunaomba mrudishe" niliuona muhuri wetu wa boksi, NI YAKO SASA. Kulikuwa na mfanyabiashara mmoja wa Igoma aliyekuwa akinakili maboksi yetu na kuyauza, kwa ruhusa yetu kamili. Injinia alimwendea. Yule bwana akaleta boksi, akamwonyesha muhuri, akamwuliza kwa adabu kama ameusoma vibaya.

Mimi nilikwenda kwa Mwalimu. Njia nzima nilitunga maneno, na nilipofika nikayasahau, nikasema tu kwamba faili imetoka, iko kijijini kwao imechapwa, na kosa ni langu. Nilingoja anikaripie. Nilitaka anikaripie. Yeye alisimama akavaa koti.

"Kivuko cha mchana bado hakijaondoka," alisema. "Twende."

Kivukoni Kamanga tulikaa karibu na mama mmoja aliyekuwa anarudi na madebe matupu ya dagaa. Alikuwa mzungumzaji. Alitueleza habari za sumu, nani amezikwa, kijiji gani. Kisha akasema kwamba afadhali sasa huko kwao watu wameanza kujua.

"Wanajua nini, mama?" niliuliza.

"Kuna karatasi. Imetoka kwenye kompyuta. Imewaandika wote wanaojua dawa za kuua samaki, majina na maboma yao."

"Na watu wanaiamini?"

"Kompyuta inamchukia nani, dada yangu? Yenyewe haina jirani."

Mwalimu alikuwa anatazama maji. Mimi ningeweza kumwambia yule mama kila kitu pale pale, kwamba kompyuta hiyo ni mimi, kwamba aliyeandika ni ndugu aliyempenda dada yake. Niliona aibu, na aibu hiyo ninayo mpaka sasa.

Tulilala Sengerema kwa sababu hapakuwa na gari, na kulipokucha tukapata pikapu iliyotushusha njia panda. Tukatembea. Kijiji kilikuwa na duka moja lenye baraza, na ukutani, kando ya tangazo la chanjo, palikuwa na karatasi yenye vitobo pembeni, zile karatasi za printa tunazozijua wenyewe. Niliutambua mpangilio wake, nafasi baina ya jina na kijiji, maana niliupitisha machoni mara nyingi nilipokuwa najaribu. Chini ya jina la dada yake Mwalimu mtu alikuwa amepiga mstari kwa kalamu. Penye maneno "utupa, mzizi wa kulevya samaki" walikuwa wamepiga mistari miwili.

Vijana watatu walikuwa barazani. Mwalimu aliwafundisha wote darasa la kwanza, nilikuja kujua baadaye. Walimwamkia, shikamoo Mwalimu, akaitikia marahaba. Mmoja akamwambia, bila kuulizwa, kwamba juzi wamemzika mtoto wa boma la jirani wa dada yake, alikula samaki, na kwamba mkutano umeitishwa Jumamosi. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Alimwambia kwa upole, kama mtu anayempa mwenzake nafasi. Nilinyoosha mkono niichane ile karatasi, Mwalimu akanishika.

"Ukiichana watasema tunaficha," alisema kwa sauti ya chini. "Na ziko nyingine."

Tulimkuta dada yake uani anamenya mihogo. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye kisu kidogo na mwendo wa mtu asiyependa kusaidiwa. Akamsalimia mdogo wake kwa lugha yao, mwangaluka, naye Mwalimu akamwitikia. Kisha akaniangalia mimi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Huyu ni nani?"

"Ni wa ofisi," Mwalimu alisema. Hakusema zaidi, nami nikaona ni lazima niseme mwenyewe. Nikapiga magoti pale kwenye maganda ya mihogo, nikamweleza. Haikuwa rahisi kumweleza mtu asiyesoma habari za disketi ya bluu na nyeupe. Nikasema: nilipewa mzigo wenye siri ndani, nikaagiza siri itolewe mzigo ukishafika, nikaupeleka na siri yake. Alielewa mara moja. Alielewa haraka kuliko Injinia.

"Mimi nimesikia wanasoma jina langu dukani," alisema. "Wananyamaza nikipita. Soma nisikie na mimi."

Nilikuwa na nakala ya faili kwenye mkoba. Nikamsomea. Nilisoma mti mmoja mmoja, jina la bibi, jina la baba yake, kijiji, kazi ya mti. Aliendelea kumenya. Baadhi aliitikia kwa kichwa. Nilipofika kwenye utupa alisimamisha kisu.

"Hapo pamekosewa. Ni majani yanayotwangwa. Mzizi mimi sikusema."

Mwalimu akasema, "Uliniambia mzizi, dada."

"Nilikwambia majani. Ulikuwa unaandika huku unaangalia mvua." Akanigeukia. "Na samaki wa utupa analewa tu, unamwokota, unamla, hufi. Tulikula hivyo tukiwa watoto. Huyo anayemwaga dawa ya pamba anahitaji nini kwangu?"

Mwalimu alimwambia tutaondoka naye leo, twende Mwanza, mambo yakitulia atarudi. Alikataa, akakubali, akakataa tena kwa sababu ya kuku na ya kaburi la mumewe. Alipokubali mara ya mwisho alitaka jambo moja, kwamba aondoke saa za mchana, kwa njia kuu, apite mbele ya duka. Nilimwogopea, na nikajiogopea mwenyewe zaidi. Tukapita. Alikuwa amejitwika fungu la nguo, mimi nimebeba sufuria na mkeka, Mwalimu yuko mbele na koti lake. Barazani sasa walikuwa wengi, pengine ishirini, wanaume na wanawake. Jirani yake, mama wa yule mtoto aliyezikwa, alikuwa miongoni mwao. Bibi akasimama mbele yake akampa pole ya msiba. Yule mama hakuitikia. Mtu nyuma yangu akagonga kengele ya baiskeli, mara moja, na nilidhani ndiyo ishara. Tukaendelea kutembea mpaka njia panda, na hakuna aliyetugusa. Mpaka leo sijui kwa nini.

Jumamosi boma lake lilichomwa. Habari ilikuja na watu wa kivuko, Jumatatu. Bibi mwingine kwenye orodha ile, wa kijiji cha pili, ambaye hatukumwendea kwa sababu mimi nilikuwa nimemfikiria mmoja tu, alikimbilia kwa mwanawe Geita na akafika salama. Wa tatu sikupata habari zake. Niliuliza kwa barua, niliuliza kwa watu, na baada ya muda nikaacha kuuliza, nikihofia jibu.

Shule nyingi zilirudisha disketi. Nyingine ziliandika kwamba zimeziazima, au zimewanakilia jirani. Disketi yetu mpya, iliyosafishwa, ilikwenda kila mahali, na ile ya zamani ikaendelea na safari zake bila sisi. Mara mbili niliikuta mjini, lebo ya bluu imetolewa fotokopi mpaka imekuwa ya kijivu, na mara zote mbili aliyekuwa nayo aliniambia kwa furaha kwamba hii ndiyo nzuri, ina vitu vingi kuliko mpya. Nilikuwa nanunua na kuvunja. Injinia aliniambia ninajisumbua, na alikuwa sahihi, nikamtolea maneno makali ambayo hayakumstahili.

Bibi aliishi kile chumba cha Igoma na mdogo wake. Jumapili nilikuwa nakwenda na sukari au mchele. Alinipokea vizuri, alinipa kigoda, alinihoji habari za ndoa kama anavyohoji bibi yeyote, na tukakaa tukisikiliza mashine ya kuchomelea. Mti hakuutaja. Nilidhani ni uchungu na utapita. Mwalimu naye alidhani hivyo, akangoja msimu mzima wa mvua, kisha akaanza kuona ni wakati wa kumalizia kamusi, kwa sababu herufi za mwisho zilikuwa bado na yeye alikuwa anazeeka.

Jumapili moja alirudi kutoka matembezini kando ya barabara ya Musoma ameshika tawi. Akalileta mbele ya dada yake, akafungua daftari.

"Huu kwetu tunauitaje?"

Aliliangalia tawi, hata akalipokea, akaligeuza.

"Sijui," alisema.

Mwalimu akacheka kidogo. Akatoka, akavunja tawi la mti uliokuwa nyuma ya karakana, akarudi nalo. Ule hata mimi mtoto wa mjini niliujua, na harufu yake ilijaa chumba.

"Na huu?"

"Sijui."

"Dada. Huu ni mwarobaini."

"Wewe ndiye unayesema."

Alijaribu majani matatu, manne, sauti yake ikizidi kupungua. Kila mara alijibiwa neno lile lile, bila hasira, na bibi alimtazama usoni. Mwishowe Mwalimu aliweka matawi chini, daftari likabaki wazi mapajani pake. Sikujua niangalie wapi. Machozi yalikuwa yananitoka na sikuyafuta, nikiona kwamba kuyafuta kungekuwa kuyaonyesha.

Bibi akanigeukia.

"Wewe si ndiye mwandishi wa kompyuta?"

"Ndimi, bibi."

"Andika. Andika jina langu, jina la baba yangu, na kijiji. Halafu andika: hajui mti wowote. Hiyo mkaigawe."

Nilimtazama Mwalimu. Hakuinua kichwa, alinisogezea daftari lake na kalamu. Nikaandika kama alivyosema, nikamsomea. Akataka nisome tena, akasikiliza na jina la baba yake kama nimelitamka sawasawa.

"Itafika kote ilikofika ile nyingine?" aliuliza.

Nikamwambia ukweli, kwamba sisi wenyewe hatujui ile nyingine imefika wapi.

"Basi ziandike nyingi," alisema.